Nusu Mtumbwi Hauelei

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mtu nisiyemjua aliingia uani kwangu hapa Kiseke akaanza kugonga kuta za nyumba yangu kwa vidole, ameinamisha sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda napeta mchele. Akagonga ukuta wa sebule, akagonga wa jikoni, akaenda kuchungulia chooni, akarudi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo akaniona.

"Habari za asubuhi, dada. Samahani, huu mlango wa nyuma hausumbui wakati wa mvua?"

"Unavimba kidogo," nikamjibu, maana nilifundishwa kumjibu mgeni kwanza, maswali baadaye. "Kwani wewe ni nani?"

"Naitwa Kashinje Luhende. Mimi ndiye mnunuzi."

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini majina ya watu hayanitoki. Mungu aliponinyima hesabu alinipa majina. Kwa hiyo huyu Kashinje Luhende naweza kumtaja mpaka leo, na shati lake la drafti, na namna alivyobaki mdomo wazi nilipomuuliza, "Mnunuzi wa nini?"

Ninyi vijana mnaofunga ndoa kwa shangwe na kuzifungua kwa hasira, sikilizeni haya taratibu. Nazungumza na wasichana na wavulana pia, maana nyumba ikibomoka haichagui imwangukie nani.

Mume wangu alikuwa Mafuru Manyama, mvuvi wa dagaa. Tulitoka naye Ukerewe tukiwa vijana, tukaja upande huu wa Mwanza kutafuta maisha. Kiseke ya wakati ule ilikuwa mawe na vichaka, na kiwanja ulikipata kwa kuelewana na mwenye shamba. Mafuru alivua, mimi nilianika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, wala hatukuwahi kukaa tukapangiana. Yeye jioni anawasha karabai anaingia ziwani, mimi alfajiri niko mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na beseni, nasubiri mtumbwi ugote mchangani.

Asiyejua dagaa hudhani kazi imekwisha pale mtumbwi unapofika. Ndiyo kwanza inaanza. Dagaa mbichi hana subira. Lazima umtandaze mapema chanjani, juu ya vichanja vya miti, umgeuze jua likipanda, uwafukuze yangeyange na kunguru, uangalie wingu linalotokea upande wa visiwani, na ukiliona unakimbia na maturubai kama umeona simba. Mvua ikikuwahi, usiku mzima wa mume wako umekuwa chakula cha kuku. Mimi nilianika huku nimebeba mimba, nilianika huku nanyonyesha. Majura, Nyabise na Bwire wote walijifunza kutambaa katikati ya chanja.

Sasa kuna jambo moja la wavuvi wa dagaa ambalo lazima ulijue ndipo uelewe kilichotupata. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaendi kazini. Wanakaa nyumbani, au wanakaa mahali pengine. Shangazi yangu alikuwa akisema ndoa ya mvuvi haiharibiwi na dhoruba, inaharibiwa na mbalamwezi. Mafuru mbalamwezi zake akaanza kuzimalizia kwenye kisiwa kimoja, kambini mwa wavuvi, alikokuwa akipikiwa na mwanamke aitwaye Regina. Jina lake nalitaja bila kinyongo. Alikuwa mpishi mzuri, baadaye nilikula chakula chake.

Basi mchana ule, baada ya Kashinje kuondoka na masikio yake, Mafuru akaja.

"Baba Majura," nikamwambia, "leo kuna mtu amekuja kugonga kuta."

"Amekuja? Amesemaje?"

"Nadhani ameipenda."

"Afadhali!" akasema, akashusha pumzi. Kisha akakumbuka anazungumza na nani. Akakohoa. Akaanza kunieleza kwamba sisi wawili tumefika mwisho, kwamba yeye anahamia kisiwani moja kwa moja, kwamba anataka mashine ya mtumbwi kwani makasia yamemchosha mgongo, na fedha ya mashine itatokana na nyumba. Mbalamwezi ikiisha tu, yeye na Kashinje wataandikishana kwa mjumbe wa nyumba kumi.

"Na mimi na watoto?"

"Mtarudi Ukerewe, Nansio kwenu. Nyumba nimeijenga mimi, kwa mtumbwi wangu. Na mtumbwi wewe hujawahi hata kuukanyaga."

Hapo alisema kweli. Kwa wavuvi wetu wa wakati ule, na wapo hadi leo, mwanamke hakanyagi mtumbwi wa kuvulia. Ati akiingia, dagaa wanakimbia. Mimi dagaa sijawahi kuwauliza, lakini mila niliifuata. Hata kamba ya nanga nilikuwa nairuka kwa mbali.

Damu ikanipanda. Ujana ni moshi, ukienda huurudishi, lakini ukiwa nao unakutoa machozi. Nikamwambia Mafuru kwamba vitu vyake sivitaki, hata kijiko chake sikitaki, akae navyo vimzike. Watoto nikawapeleka kwa jirani yangu Mama Kulwa wasikose shule, nikaweka nguo zangu kwenye mfuko mmoja, nikapanda meli ya Nansio kichwa juu, kama malkia anayekwenda kutawazwa.

Nansio alikuwepo Shangazi Nyanjura, dada wa baba yangu, aliyenilea. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Vero. Mbona una mfuko mmoja? Kuna msiba?"

"Nimeachika, Shangazi. Lakini nimetoka na heshima yangu. Nimemwachia kila kitu, hata kijiko sikuchukua."

Nilitarajia anikumbatie. Yeye akaangalia mfuko wangu, akaangalia paa lake lililokuwa linavuja pembeni, akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Heshima ni vazi zuri, mwanangu, lakini haliezeki nyumba. Mvua za hapa zikianza, utatujengea heshima kwa juu?"

Nikanuna. Unajua wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi hakungoja ya tatu. Kesho yake tu tulikuwa shambani, mimi na yeye, mgongo kwa mgongo, na huko kwenye matuta ya viazi ndiko alikonihoji. Hakunihoji kama polisi. Aliuliza swali moja, akapiga jembe, akaondoa mizizi, akauliza jingine.

"Ile nyumba ya Kiseke, tofali za udongo zilifyatuliwa na nani?"

"Na Mafuru na vijana wake."

"Maji ya kukandia udongo?"

"Niliteka mimi."

"Vijana walikula wapi?"

"Kwangu."

"Mabati?"

"Tulinunua kwa dagaa."

"Dagaa wabichi?"

"Shangazi nawe! Nani ananunua dagaa wabichi kwa magunia? Wakavu."

"Waliokaushwa na nani?"

Nikasimama na jembe langu. Shangazi hakuniangalia hata, aliendelea kuinama.

"Sasa niambie, Vero. Umemwachia vyake, au umemwachia vyako?"

Mwanangu, lile swali lilinichoma kuliko jua. Mimi nilikuwa nimejiona mwanamke shupavu kwa kukataa kijiko. Kumbe nilikuwa nimemfungulia mtu mlango awatoe watoto wangu nje, na bado nikamshukuru. Shangazi akanieleza kwamba hasira ni hasara iliyovaa nguo za sherehe. Akasema mtu akitaka haki yake hamtukani mwenzake, hamlogi, wala hakimbii. Anakwenda kukaa pale haki ilipo mpaka wenye kuamua waamue. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Nyinyi mlivunja chawa mkiwa wawili, leo dole gumba linasema lilikuwa peke yake."

Mbalamwezi ilikuwa inaanza kupungua. Tukapanda meli, yeye na mimi, na kuku wake mmoja ndani ya kikapu ambaye hakunieleza ni wa nini.

Njiani sasa mimi nikageuka. Si unajua mtu akiamshwa usingizini hukimbilia upande wowote? Nikaanza kupanga: nachukua nyumba, nachukua chanja, namnyang'anya mtumbwi, nyavu, karabai, na lile shamba la ukoo wao lililoko nyuma ya Nansio, nalo nalitaka.

"Shamba lipi hilo?" Shangazi akauliza.

"Alilorithi kwa baba yake."

"Analilima nani?"

"Ndugu yake."

"Wewe ulifika huko lini?"

"Siku ya mazishi ya mzee."

"Basi chozi moja la msibani halikupi ekari, mwanangu. Cha baba yake ni cha baba yake. Kama ungelilima, ukapanda michungwa, ukajenga, hapo ungekuwa na la kusema. Cha mwenzio si chako. Ukianza kudai usichokitolea jasho, na kile ulichokitolea jasho watu watakitilia shaka."

Nilikuwa nafundishwa pande zote mbili, kama chapati.

Tuliposhuka tukaenda moja kwa moja kwa mjumbe wetu, Mzee Shija Mabula. Tungechelewa kidogo tu tungekuta mambo yamekwisha. Mafuru yupo, Kashinje yupo na shati lake la drafti, karatasi iko mezani, kalamu imefunuliwa. Watoto wangu wangelala wapi?

Shangazi hakupiga kelele. Aliingia, akasimama katikati, akangoja. Sasa wewe ni mtu wa hapa, unajua. Mzee akiingia, hakuna biashara inayoendelea kabla ya salamu. Kashinje akainuka. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, za kwenu? Baba hajambo? Mama hajambo? Mvua imenyesha huko? Ng'ombe? Mzee Shija naye alikuwa mdogo kwake, akaamkia, naye akaulizwa habari za ukoo mzima hadi wa Magu. Mafuru ndiye aliyepata taabu zaidi, maana shangazi wa mke ni mkwe, na kwa mila zetu mkwe haangaliwi usoni wala mtu haketi naye kiti mbele ya kiti. Alisimama ukutani akiangalia vidole vyake vya miguu.

Salamu zilipokwisha, Shangazi akamkabidhi Mzee Shija yule kuku. Nikaelewa kikapu. Si hongo, mwanangu, ni adabu ya kuingia kwa mtu. Kisha akamgeukia Kashinje kwa sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu Kashinje, hii nyumba unainunua tupu au unainunua na mke?"

"Tupu, mama."

"Basi umekosea nyumba. Hii ina mke ndani, na watoto watatu. Mke hajasema anauza. Ukiingia utamkuta jikoni, atakukaribisha ugali kila siku, naye hatoki."

Kashinje akamwangalia Mafuru. "Kaka, uliniambia ameshakwenda kwao."

"Alikwenda," Mafuru akaviambia vidole vyake vya miguu.

"Amerudi," akasema Shangazi.

Kashinje akakunja kitambaa chake cha fedha, akakirudisha kifuani. "Wazee, mimi natafuta nyumba. Sinunui kesi." Akaaga vizuri, akaenda zake. Mzee Shija akafunika kalamu, akamwambia Mafuru kwamba nyumba ya watu wawili haiuzwi na mmoja, kama mnaachana nendeni kata kwenye baraza la usuluhishi, mkishindwa kupatana ndipo mahakamani. Huo ndio mlolongo hata leo. Msije mkaruka ngazi, mtarudishwa chini.

Kwenye baraza la kata walijaribu kutupatanisha, nasi tulikuwa hatupatani. Mafuru moyo wake ulikuwa kisiwani, na mimi sikutaka tena mume wa giza asiyeonekana kwenye mbalamwezi. Wakatuandikia barua ya kwenda Mahakama ya Mwanzo.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mtu wa Bukoba kwa lafudhi yake. Jina lake nalikumbuka ila watu wa mahakama hawatajwi ovyo. Pembeni yake walikaa wazee wa baraza, washauri wake, mmoja wao mvuvi mstaafu, mikono yake imejaa makovu ya kamba za nyavu. Nilipomwona huyo, moyo ukanishuka. Nikasema huyu atakuwa wa Mafuru.

Mafuru aliapa kwa Biblia akasimama wima. Alisema mtumbwi ni wake, nyavu ni zake, nyumba imetokana na mtumbwi, na kwamba mimi sijawahi kukanyaga mtumbwi ule maishani mwangu. Watu nyuma wakaguna, wengi wao wavuvi.

Hakimu akaandika. Kisha akavua miwani.

"Bwana Mafuru, ukirudi ziwani, dagaa unawapa nani?"

"Nampa mama Majura, mheshimiwa."

"Anawafanyaje?"

"Anawaanika."

"Kuna siku ameugua?"

"Aliugua. Alipojifungua Bwire."

"Siku hizo dagaa walikuwaje?"

Mwanangu, nataka unisikilize hapa. Mafuru alikuwa na makosa yake, na Regina alikuwa mojawapo, lakini hakuwa mwongo. Angeweza kusema alimwajiri mtu. Nani angembishia? Nikamwona anaangalia ile Biblia, anaangalia paa, anaangalia watu wa mwaloni waliomjua.

"Walioza, mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote. Tulimwaga. Mwezi ule tulikopa unga."

Chumba kikaangua kicheko. Shangazi akasema kwa sauti kutoka kwenye benchi la nyuma, "Ukiona vyaelea, vimeundwa!" Hakimu akamwonya kwamba akirudia atatolewa nje. Shangazi akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakaendelea kucheka.

Ndipo yule mzee mvuvi akaomba kusema. "Mheshimiwa, ni kweli kwa mila yetu mwanamke hapandi mtumbwini. Lakini mimi nimevua miaka yangu yote, na sijawahi kuona mtumbwi unapanda chanjani. Kila mmoja ana ng'ambo yake."

Mama Kulwa akatoa ushahidi juu ya ndoo za maji ya tofali. Alisema mpaka njia niliyopita imebaki haioti nyasi.

Zamu yangu ilipofika, hakimu aliniuliza nataka nini. Kabla ya siku hiyo, Shangazi alikuwa ameshanifunda. Mimi nilikuwa nataka nidai fungu kila mahali, nusu ya nyumba, nusu ya mtumbwi, nusu ya nyavu, hadi nusu ya karabai. Akaniambia, "Nusu mtumbwi hauelei, Vero. Ukimkatia mvuvi mtumbwi wake, umemzamisha, na watoto wako watakula nini kwake? Omba kipande kitakachosimama, naye umwachie kipande kitakachosimama."

Nikamwambia hakimu: "Mheshimiwa, mtumbwi abaki nao, na nyavu zake na taa zake, mimi siwezi kuvua. Naomba nyumba, niwalee watoto, na chanja zangu. Shamba la baba yake silidai."

Nikamwona Mafuru ameinua uso kwa mara ya kwanza. Nadhani alijiandaa kwa vita, akakuta mlango uko wazi.

Hakimu alitueleza vizuri, nami naeleza kama nilivyoelewa. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jasho la wote, inagawanywa kwa kuangalia kila mmoja alichangia nini, na mchango si fedha tu. Anayepika, anayelea, anayeanika, naye amechangia. Akasema si lazima iwe sawasawa, hutegemea ushahidi, na watoto wanafikiriwa, na madeni mliyokopa pamoja yanafikiriwa. Na ulichokuja nacho kabla ya ndoa, au ulichorithi kwenu, ni chako, isipokuwa mwenzako amekiendeleza kwa jasho lake. Kisha akatoa talaka, nyumba na chanja kwangu, mtumbwi na vifaa kwa Mafuru, na Mafuru atoe matunzo ya watoto.

Umedhani imekwisha? Vyombo vya ndani je! Siku ya kugawana vyombo Mzee Shija alisema ni bora kesi ya ng'ombe kuliko kesi ya masufuria. Tukagombania redio asubuhi nzima, mpaka Mzee Shija alipofungua akakuta haina betri na nyaya zimeliwa na panya. Kila mmoja akaanza kumsukumia mwenzake: chukua wewe, hapana, chukua wewe. Mwisho Mafuru akasimama mlangoni, ameshika kofia.

"Mama Majura, naomba mwiko mmoja."

"Mwiko? Si una Regina?"

"Kambini miko inavunjika."

Nikampa ule wa mti mgumu, na sufuria ya ugali, na kijiko. Tukacheka, mwanangu. Talaka tuliyoigombania mbele ya hakimu tukaimalizia kwa kucheka mlangoni. Mzee Shija alitikisa kichwa akasema hajawahi kuona watu wanaachana vizuri kuliko walivyooana.

Mafuru alileta samaki wa watoto alipopata, na alipokosa alituma salamu. Mashine ya mtumbwi aliinunua baadaye kwa kudunduliza. Nyabise alikwenda chuo cha ualimu Butimba akitokea katika nyumba hii, Majura akaoa akitokea katika nyumba hii, na siku ya harusi yake baba yake na Regina walikaa meza moja nami. Hapo ndipo nilipoula wali wake Regina. Mafuru sasa ni mzee kama mimi, macho yamepungua, lakini akija hapa kuwaona wajukuu anapitia mlango wa mbele, kama mgeni mwenye heshima zake.

Siku hizi nawaona mnakwenda ziwani na mitumbwi yenye taa za sola, na wasichana wengine mna mitumbwi yenu wenyewe na mnaikanyaga mchana kweupe, wala dagaa hawakimbii. Nafurahi. Lakini bado naona binti anaondoka na begi moja akisema sitaki chochote, na naona kijana anauza nyumba kwa simu mkewe akiwa jikoni. Mila zimebadilika, hasira haijabadilika.

Basi shikeni haya. Mkipendana, jengeni pamoja na mjue mnajenga pamoja; semeni waziwazi nani anafanya nini, hata kama ni kuteka maji, maana kazi isiyotajwa husahaulika na mwenye kufaidi. Risiti na hati za kiwanja ziandikeni majina yenu wote wawili mkiwa bado mnacheka. Mkikosana, nendeni kwa wazee, kanisani, kwa mjumbe, kwenye baraza la kata, msianze na panga. Ikibidi kuachana, binti, usikimbie nyumba yako kwa kiburi ukadhani ni ushujaa. Nawe kijana, usimwondoe mwenzako mikono mitupu ukadhani ni uanaume; mikono hiyo ndiyo iliyokupikia ukiwa huna kitu. Semeni kweli mbele ya hakimu, hata ikiwagharimu. Dai chako, kiache cha mwenzako, na mgawane kwa namna ambayo kila mmoja kesho ataamka akiwa na kazi ya kufanya, na watoto watakuwa na pa kulala kwa huyu na pa kulakiwa kwa yule. Mume na mke huachana. Baba na mama hawaachani.

Mungu awape wenzi wa kucheka nao. Awape mikono isiyochoka na midomo inayojua kushukuru. Kama ndoa zenu zitadumu, zidumu kwa upendo na si kwa woga wa kugawana. Na kama hazitadumu, awape moyo wa kuachana kwa haki, ili siku mtakapokutana kwenye harusi ya mtoto wenu, kila mmoja ale wali akiwa ametulia. Haya, nendeni kwa amani, wanangu.